Nyumba Iliyoipa Njia Mgongo

Ukuta wa upande wa mlimani wa nyumba ya Enoka ulianguka tena katikati ya masika, mchana kweupe, mwenyewe akiwa amesimama ndani na mwiko wa uashi mkononi. Haukumuumiza. Ulilala nje polepole, kama ng'ombe aliyechoka kusimama, na mvua ikaingia. Enoka aliweka mwiko chini, akaketi juu ya debe, akashika tama. Hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia, "Umeona mambo haya?" Hilo lilimuuma kuliko ukuta.

Msidhani alikuwa fundi wa kubahatisha. Ufundi wa matofali alijifunza misheni tangu kabla ya vita ya Wazungu, na nyumba za wenye kahawa huku Mbozi alikuwa amejenga nyingi, zote zimesimama. Yake tu ndiyo ilikuwa haikai. Kila masika ukuta wa upande wa mlimani ulipasuka kwenye kona, ukavimba, ukaanguka. Kila kiangazi alifyatua matofali mengine, akayachoma, akaunyanyua ukuta palepale, mnene kuliko wa mwanzo. Alikuwa na kichwa kigumu, na kichwa kigumu kikiwa na mwiko mkononi ni hasara tupu. Watu walianza kuulizana: fundi asiyeweza kujijengea, atamjengea nani? Kazi zikapungua, mwishowe zikakatika.

Hata hivyo kazi siyo iliyomnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni Ruti, binti yake. Nesta, mama wa mtoto, Mnamwanga wa Ndalambo, alikufa kwa homa Ruti akiwa bado anatambaa. Matanga yalipokwisha, bibi Yunisi, mama yake Nesta, alimbeba mjukuu mgongoni akaenda naye kwao. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Mwanamume aliyebaki peke yake angemlea vipi mtoto wa kutambaa? Enoka mwenyewe alikubali. Lakini alipokwenda Ndalambo kumchukua, Ruti sasa akiwa mkubwa wa kutumwa maji, alipewa jibu ambalo hakulitegemea.

Mtu na mama mkwe wake hawatazamani uso kwa uso. Ndiyo heshima ya ukwe. Basi Enoka alikaa nyuma ya kihenge cha mahindi, Yunisi akakaa mlangoni amegeukia kwingine, na maneno yakapitia kwa mtoto, ingawa wote wawili walisikiana vizuri kabisa.

"Mwambie baba yako," Yunisi alisema, "nimesikia nyumba yake huanguka. Isimame masika moja, nami nitakuja kuiona kwa macho yangu. Mjukuu wangu halali chini ya ukuta unaoanguka. Kule nimeshazika mmoja."

Ruti alizunguka kihenge, akamwambia baba yake yote neno kwa neno, hata lile la mwisho, kisha akasimama akimtazama kama unavyomtazama mgeni. Enoka alirudi Mbozi kwa miguu, moyo mzito. Tangu siku ile ukuta ulikuwa umeanguka kila masika, na huu wa leo ulikuwa umeangukia matumaini yake ya mwaka mzima.

Mtu angeuliza kwa nini asihame mahali pale. Aliulizwa, naye alikunja uso akarudi kwenye matofali yake. Sababu aliijua. Kaburi la Nesta lilikuwa pale juu, kwenye shamba lao la ulezi, na nyumba aliijenga chini yake kidogo, mlango ukilielekea kaburi. Akiamka na kufungua, kitu cha kwanza kukiona ni lile tuta la mawe. Alilisalimu kila asubuhi, na siku nyingi salamu hiyo ndiyo ilikuwa maneno yake ya kwanza na ya mwisho.

Nyuma ya nyumba ilipita njia ya mtoni. Enoka aliwasikia watu wakipita ng'ambo ya ukuta, wanawake wakicheka, wanaume wakibishana habari za waliokwenda migodini Rodesia. Wakifika usawa wa nyumba yake sauti zilishuka, wakapita kimya, hakuna aliyebisha hodi. Akajua wamemtenga, wanaogopa mkosi wake. Naye akawalipa kwa kimya chake. Miaka ikaenda hivyo.

Kiangazi kile, ukuta ukiwa bado chini, aliletewa ujumbe kwamba mama mmoja mjane wa mlima wa pili, jina lake Ketrina, anataka msingi wa kihenge chake utengenezwe, mchwa wameumaliza. Enoka alishangaa kwamba bado kuna mtu anayemwita. Alichukua timazi na mwiko, akateremka bondeni, akavuka mto, akapanda. Upande ule hakuwahi kuwa na shughuli nao.

Ketrina alikuwa mama mwenye maneno, wa kumsimamia fundi mpaka jiwe la mwisho. Jua lilipopanda alimwita uani akamwekea ugali wa ulezi na maharage, akaketi pembeni.

"Kula, baba. Sikujua kama wewe huwa unaongea," alisema. "Nilimwambia yule niliyemtuma, akikufukuza usibishane naye, rudi zako."

"Nimfukuze kwa nini, mama?"

"Sasa mimi nitajua? Kila mwaka nakuona kule, unajenga, inaanguka, unajenga. Nikawa najiuliza, yule bwana amegombana na nani?"

"Sijagombana na mtu. Watu ndio hawanitaki."

Ketrina alicheka. "Hebu tazama mwenyewe," akasema, akinyoosha mkono.

Enoka aligeuka na tonge mkononi. Ng'ambo ya bonde aliiona nyumba yake, na kwa kweli hakuitambua mara moja, maana hakuwahi kuitazama akiwa huku. Aliona ukuta mtupu, bila mlango wala dirisha, umeikalia njia kichwani. Nyumba za wengine zote zilikuwa zimefungua milango upande wa njia. Yake peke yake ilikuwa imewapa watu mgongo.

"Mtu akitaka kubisha hodi pale, anabisha wapi?" Ketrina aliuliza. "Azunguke nyuma kama mwizi? Sisi tulisema, huyu baba ana uchungu wake, ametuambia tumwache. Tukakuacha. Hata mimi, siku nyingi nimetamani kukuletea mboga, nikaogopa."

Enoka alirudisha tonge sahanini. Uso ulimwaka kwa aibu. Alitaka kutazama chini, lakini jicho lake la fundi lilikuwa limeshanasa kitu kingine. Mlima wake wote ulikuwa umeungua kwa moto wa kiangazi, mweusi tii, isipokuwa ukanda mmoja mwembamba wa majani mabichi. Ulianzia kwenye miamba ya juu, ukapita kando ya kaburi, ukateremka hadi kwenye kona ya nyumba yake, ile ile inayopasuka, kisha ukatokea upande wa pili na kwenda mtoni. Maji. Yalikuwa yakipita chini ya ardhi miaka yote, naye alikuwa ameyajengea ukuta katikati ya njia yao na kila mwaka kuongeza unene. Akiwa kule kwake, majani yalikuwa majani tu. Alipima udongo, akapima matofali, akajilaumu usiku kucha, wala hakuwahi kuvuka mto ageuke atazame.

"Baba, ugali unapoa," Ketrina alisema.

Jioni ile Enoka aliketi kizingitini kwake, akalitazama kaburi. Kubomoa hakukumtisha, kubomoa ni kazi. Kilichomtisha ni kwamba pahali pakavu palikuwa chini, karibu kabisa na njia, na mlango ukitazama njia hautamwona Nesta. Alilia, mtu mzima, kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia.

"Nilikuwa nakulinda," alimwambia mkewe. "Na mtoto wako anakulia kwa watu."

Kesho yake akapiga moyo konde, akaanza kung'oa matofali. Alijenga chini, kwenye mgongo mkavu wa mlima, mlango ukiielekea njia, na katika ukuta wa nyuma akaacha kidirisha kidogo cha kutazamia juu. Siku ya tatu ya kazi watu walianza kusimama. Mmoja aliuliza kama anataka maji ya kukandia udongo. Mwingine akaweka mzigo chini na kumpokeza matofali, akimtania kwamba safari hii autandikie ukuta na mkeka wa kuangukia. Enoka alicheka, na kicheko chenyewe kikamshangaza, kilivyokuwa kimekauka. Bado jioni zilikuwa ndefu. Milango haimpi mtu jamaa kwa siku moja, na kitanda kilikuwa kile kile cha mtu mmoja.

Masika yakaja, yakanyesha vibaya mno, yakapita. Nyumba haikupasuka hata ufa wa kupitisha ukucha. Akatuma neno Ndalambo.

Walifika adhuhuri moja, ulezi ukiwa umeiva. Enoka alipowaona njiani aliingia ndani upesi, maana hakupaswa kukutana uso kwa uso na mkwewe. Alisimama nyuma ya mlango. Akasikia nyayo ndogo zikija hadi kizingitini.

"Hodi," Ruti alisema.

Miaka yote ile alikuwa amelitamani neno hilo, na sasa lilimchoma. Mtoto alikuwa anabisha kwao.

"Hapa ni kwenu, mama," Enoka alisema. "Wewe hubishi hodi. Ingia tu."

Ruti hakuingia. Aligeuka akamtazama bibi yake, aliyeketi ng'ambo ya njia juu ya jiwe, mgongo akiupa mlango, kama heshima inavyotaka.

"Mwambie baba yako," Yunisi alisema, "nyumba nimeiona. Nimezunguka, nimeipiga kwa fimbo. Mwambie nitarudi peke yangu."

Ruti akaanza kuyarudia maneno. Enoka hakuwa akimsikia. Kupitia mlango wazi alikuwa anautazama mgongo wa mama yule. Miaka yote alikuwa amemwona Yunisi kama ukuta uliosimama kati yake na mwanawe. Sasa alimwona kizee mwembamba, kanga imefifia, vidole vikifungua na kufunga kifurushi cha nguo za mtoto kilichokuwa ubavuni pake kana kwamba hajui akipitishe vipi. Alizaa Nesta mmoja, akamzika huku. Akabakiwa na huyu, naye amemleta kwa miguu yake. Kule Ndalambo leo jioni, au kesho, au siku atakayofika, atafungua mlango wa nyumba isiyo na mtu. Enoka aliijua nyumba ya namna hiyo vizuri kuliko mtu yeyote Mbozi nzima.

"Ruti," aliita. "Mwambie bibi yako matofali ya nyumba ya zamani yapo, hayajaisha."

Ruti akamwambia. Vidole vya Yunisi vikasimama juu ya kifurushi.

"Mwulize matofali ni ya nini," alisema.

"Mwambie ni ya nyumba yake. Pale pale alipokaa, ng'ambo ya njia, mlango utazame ng'ambo ya bonde kwa mama Ketrina, tusitazamane. Mpaka iishe, Ketrina atamlaza."

Mtoto akayapeleka maneno, hatua chache zile, akayasema yote. Yunisi alifungua kifurushi, akatoa kigauni kimoja, akakikunjua, akakikunja upya. Kisha akakiweka kifurushi chini, kando ya jiwe, akavua viatu vya safari.