Vigae vya Pembe Tano

Mvua za El Nino ziliacha ua wa Mama Ramzi ukiwa tope tupu, na Mbula akapewa kazi ya kuutandika vigae vya saruji kabla ya arusi ya Firdaus, binti wa nyumba hiyo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Angeiharibu, Machakos nzima ingejua. Ili asifanane na Bartholomew, aliyeuza vigae vya mraba ng'ambo ya barabara, aliahidi vya pembe tano. Fundi wa kuchomelea akamtengenezea kalibu yenye pande zilizolingana sawasawa.

Vigae vilikauka, vikapendeza. Alipovipanga ndipo akajua ana kazi. Vitatu vikikutana, unabaki ufa. Akivigeuza, ufa unahamia kwingine.

Bartholomew alikuja na kikombe chake cha chai. "Mbula, unapanda mahindi? Naona umeacha mashimo."

"Kunywa chai yako, mzee."

Mama Ramzi akatokeza mlangoni. "Mbula, kisigino kikinasa hapo, mwanangu ataanguka mbele ya wakwe. Ijumaa ijayo nikikuta nyufa, namwita huyu."

Mbula alichuchumaa. Kujaza nyufa saruji? Viraka hivyo, na yeye hakuja kushona. Akazitazama kona. Zote zilipanuka kwa kiasi kimoja, na hakuna iliyotosha kuziba. Nani alimwambia azilinganishe? Hakuna. Alipenda urembo tu.

Akaokota kijiti, akachora topeni mraba na paa juu yake, nyumba kama ya mtoto wa nasari. Pande tano. Akachora nyingine ubavuni, na nyingine chini zimepinduliwa, sakafu kwa sakafu. Safu iliyofuata, mapaa yakaingia katikati ya mapaa. Hapakubaki hata pa kupitisha wembe.

Kalibu ikarudi kwa fundi, ikageuzwa iwe umbo la nyumba ile.

Ijumaa Mama Ramzi alivaa viatu virefu vya Firdaus, akakatiza uani polepole, kisha upesi, kisha kinyumenyume.

"Havinasi," akasema. Halafu akaona ukutani, mapaa yamebaki kama meno. "Na pale?"

"Pale nitakata."

"Si ulisema vinaingiana?"

"Vinaingiana vyenyewe, Mama Ramzi. Ukuta wako haukuulizwa."

Mama Ramzi alicheka mpaka akauegemea ukuta huohuo. "Haya, kata. Ukimaliza, njoo upime na mbele ya duka langu."