Chini ya Gari, Njia ya Kabiria

Ogutu alikuwa fundi katika gereji moja karibu na River Road, na kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya magurudumu ya mbele. Siku moja mwaka wa 1955 alikabidhiwa gari kuukuu la daktari Mzungu, la tangu kabla ya vita vya dunia, lililokuwa likivuta kushoto na kula tairi upande wa ndani. Asubuhi nzima alikuwa nalo. Alinyoosha chuma cha usukani kilichopinda, akapima magurudumu kwa uzi na fito mpaka akaridhika. Ilibaki kulijaribu. Mjini magari yalibanana, kwa hiyo akashika Ngong Road, akapita Dagoretti Corner, akaingia njia ya udongo ya kwenda Kabiria na Waithaka.

Likavuta tena. Kidogo tu, lakini likavuta.

Akaliegesha kando. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mwekundu ulikuwa bado laini. Akaweka jeki juu ya jiwe bapa, akainua upande wa kushoto, akajisukuma chini kwa mgongo. Alikuwa ameshalegeza nati ya fimbo inayounganisha magurudumu, anaigeuza fimbo taratibu, wakati jiwe lilipozama. Jeki ikalala. Gurudumu likadidimia kwenye matope ya mtaro, na ekseli ikaukandamiza mkono wake wa kulia, karibu na bega.

Matope yaliuokoa mfupa usivunjike, lakini hayakumwachia. Alivuta, wapi. Alijaribu kusukuma kwa mkono wa kushoto, chuma hakikutikisika. Kibaya zaidi, gurudumu lilikuwa bado linashuka, polepole, na ekseli ilikuwa inakikaribia kifua. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Hakukuwa na nyumba ya kumsikia. Kwa sababu ya vita vya msituni, wenyeji walikuwa wamehamishiwa katika kijiji cha serikali huko Waithaka, nyuma ya handaki na seng'enge, na wanawake waliruhusiwa kutoka kwa muda mfupi tu kuchukua chakula shambani, askari wakiwalinda.

Nyakio alikuwa mmoja wa wanawake hao. Kamba ya mzigo wake wa viazi vitamu ilikatika, akabaki nyuma kuifunga, wenzake wakatangulia na askari. Ndipo aliposikia mtu anagumia.

"Nani huko?"

"Mimi fundi, mama. Gari imenilalia."

"Uko na nani?"

"Peke yangu. Naomba usiende."

Nyakio hakusogea. Kijijini kwao mwanamke alikuwa amepigwa vibaya kwa kusemekana kwamba alizungumza na mwanamume njiani. Waliomshtaki walisema analisha watu wa msituni. Aliinama kwa mbali, akaona viatu vilivyolowa matope, halafu uso uliojaa jasho.

"Ita askari," Ogutu alisema.

"Askari akinikuta hapa na mwanamume, hataangalia gari. Atanipiga kwanza."

Akaweka mzigo chini, akashika bampa, akainua kwa nguvu zake zote. Gari halikumjali.

"Usiinue, mama! Chimba. Chimba chini ya mkono wangu."

Nyakio akalala kifudifudi kwenye matope. Alichimba kwa jembe alilotoka nalo shambani akiwa amelishika karibu na chuma, na nafasi ilipokuwa finyu akalitupa, akachimba kwa vidole. Maziwa yalikuwa yanamtoka na kulowesha nguo. Alikuwa amemwachia jirani mtoto mchanga. Udongo aliotoa ulimrukia Ogutu usoni, naye akafumba macho, akahesabu pumzi zake kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya.

Kwa mbali kipande cha reli kikaanza kugongwa. Nyakio akasimamisha mikono.

"Wanafunga lango," alisema.

"Basi nenda, mama." Ogutu alisema hivyo huku akiomba moyoni asitiiwe.

Nyakio alitazama upande wa kijiji. Reli iligongwa tena. Akarudi kumtazama yeye.

"Nyamaza," akasema, akaendelea kuchimba.

Mkono ulipotoka ulikuwa umekufa ganzi, unaning'inia kama wa mtu mwingine. Ogutu alijiburuta nje, akakaa barabarani, akalia. Nyakio alikuwa ameshajitwika mzigo.

"Nakuja na wewe," Ogutu akamwambia. "Nitawaeleza."

"Ukija watasema wewe ndiye ninayemlisha."

"Nisipokuja watasema nini?"

Wakaenda wakikimbia.

Langoni alisimama Kihara, mkubwa wa walinzi, bunduki begani. Ogutu alieleza kila kitu, akatoa kipande chake cha utambulisho, akaonyesha mkono uliovimba. Kihara akaushika, akaubonyeza, Ogutu akapiga yowe.

"Nakuamini," Kihara alisema. "Lakini huyu amechelewa. Atachimba handaki mpaka Jumapili, na shambani haendi."

"Basi adhabu nipe mimi. Kosa ni langu."

"Wewe si mtu wangu. Rudi kwa gari yako kabla sijakuuliza unatafuta nini huku."

Lango likafunguliwa kiasi cha mtu mmoja kupita. Nyakio aliingia mbio bila kuaga, na Ogutu akabaki ameshika waya kwa mkono mzima, mpaka mlinzi mwingine akamfukuza.

Kesho yake gereji ilipeleka watu kulivuta gari mtaroni. Mkono wa Ogutu ulikuwa umefungwa kitambaa shingoni, kwa hiyo aliketi kando akimwelekeza mwenzake Were: geuza nusu, pima, kaza. Walipolijaribu lilikwenda sawa, hata usukani ukiachiwa. Were alishangilia. Ogutu akamwomba wafike mpaka Waithaka kabla ya kurudi mjini.

Wanawake walikuwa ndani ya handaki, wanarusha udongo juu. Ogutu alishuka, akapita ukingoni kama mtu anayetafuta njia. Nyakio alimwona. Hakuacha kuchimba, ila alipoinama kuchota udongo aliuliza kwa sauti ya chini:

"Mkono?"

Ogutu akavichezesha vidole, kimoja kimoja, ili avione.

"Haya," Nyakio akasema. "Nenda."