Bunduki Iliyopotea Ikiwa Mkononi

Bunduki ya lango la stoo ya idara ya maji iligoma kufunga asubuhi ile ile mkaguzi wa silaha alipokuwa anakuja. Ni shotigani ya mitutu miwili, ya kukunja katikati. Unasukuma kilimi kwa dole gumba, mitutu inainama, unatia risasi mbili, unainua, inasema kla. Miaka kumi na tisa imenisemea kla. Siku hiyo ikasema dup, ikabaki imeachama kama mjumbe aliyesinzia mkutanoni.

Tangazo la Meneja lilikuwa limebandikwa getini tangu Jumatatu iliyotangulia: mlinzi ambaye silaha yake haitapita ukaguzi, kazi yake inaishia hapo, na chumba cha mlinzi anakirudisha. Chumba chenyewe kiko nyuma ya stoo, kimepakana na rundo la mabomba. Humo ndimo mke wangu alimofia akisubiri gari la idara limpeleke hospitali. Gari lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta yalikuwemo. Fomu ya safari tu ndiyo haikuwa na sahihi, na mwenye sahihi alikuwa semina. Semina ya huduma bora kwa mteja. Chumba hicho waje wanitoe wakiwa wamekula wakashiba, kwa sababu mimi sitoki kirahisi.

Nikailaza bunduki mezani, nikatoa risasi zote kwanza. Nikajaribu kuifunga tupu: dup. Basi kosa si risasi kuvimba kwa unyevu. Nikakagua chini ya kile kidude kinachosukuma maganda nje, maana punje moja ya mchanga ikikaa pale inatosha kukuharibia siku. Safi. Bawaba nayo ilikuwa laini, nilikuwa nimeitia mafuta Alhamisi.

Meneja akatoka ofisini, tai imemkaba, chai mkononi.

"Mzee, nini tena?"

"Haifungi, bosi."

"Ipige kwenye goti."

"Bunduki haipigwi kwenye goti, bosi. Ukiilazimisha unaipinda."

"Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La nne."

"Mimi nina shahada ya utawala. Lete hapa."

Akanipa chai nimshikie, akaipiga kwenye goti. Mitutu ikambana nyama ya kiganja. Akatoa sauti ambayo sidhani waliifundisha chuoni.

Kelele ikamtoa karani wa stoo, shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kijana huyu alipata kazi wiki moja baada ya harusi ya dada yake, na nafasi ilitangazwa wiki mbili baada ya yeye kuanza.

"Shemeji, tuikaze na waya," akasema. "Mkaguzi ataona imefunga."

"Na akitaka kuifungua?" nikauliza.

"Mzee wangu, usiwe mgumu hivyo. Nani afungue kitu kilichokwisha fungwa?"

Jicho langu lilikuwa limeshaona kitu. Ndani, pale bapa la chini ya mitutu linapolalia mwili wa bunduki, palikuwa peupe.

Wiki iliyotangulia karani alikuwa anazunguka na kopo la rangi nyeupe akiandika namba za mali. Aliandika viti, ndoo, mlango wa choo. Lipo jiwe tunaloegemezea geti lisijifunge. Nalo lina namba. Ijumaa aliichukua bunduki akaihakiki, akanirudishia Jumatatu, asubuhi hiyo hiyo ya ukaguzi.

"Namba ya bunduki uliiandika wapi?" nikamuuliza.

Akachangamka. "Ndani! Huko mwizi hawezi kuifuta. Nimepaka mikono mitatu, rangi juu ya rangi, mzee. Hiyo haitoki."

"Na wakati unapaka ulijaribu kuifunga?"

"Nifungeje na rangi mbichi?"

Nikamtazama Meneja. Meneja akatazama kiganja chake.

Nikaleta tapentaini, tambara na mpini wa kijiko. Karani akaruka. "Hiyo ni namba ya serikali!"

"Na hiki ni chumba changu," nikasema, nikaendelea kukwangua. Ilitoka kwa magamba, kama samaki. Nikafuta, nikapaka mafuta kidogo, nikainua mitutu polepole. Kla.

Mkaguzi akafika kabla ya saa sita, afande mmoja wa kike mwenye miwani. Akaifungua, akachungulia mitutu, akaifunga, akaifungua tena.

"Nani anaitunza?"

"Mimi, afande."

"Endelea hivyo hivyo. Kwingine huko nakuta zimepinda, wanazipiga kwenye magoti."

Meneja akaingiza mkono mfukoni. Afande akagonga muhuri, akaondoka.

Nikadhani yameisha. Saa nane nikapewa barua ya Meneja. Nimefuta namba ya mali kwa makusudi. Mali isiyo na namba haimo kwenye daftari, isiyomo kwenye daftari haipo, na mlinzi wa silaha bila silaha hahitajiki. Nikabidhi bunduki, nihame kufikia Jumamosi. Nikaisoma nikiwa nimeikumbatia hiyo hiyo bunduki ambayo haipo.

Nikaenda stoo kukabidhi. Sikubembeleza, ukishawahi kuwabembeleza hawa watu kwa ajili ya mgonjwa, huna tena sauti ya kuwabembelezea kitu kingine.

Karani akafungua daftari. "Taja namba."

"Haina. Si ndiyo kosa langu?"

"Bila namba sipokei."

"Iandike nyingine basi."

"Namba mpya inatoka makao makuu, kamati ya hapa ikishakaa na kuiomba."

"Sawa. Naiacha hapa mezani, nikafunge mizigo."

"We mzee! Silaha haiachwi bila kupokelewa!" Akapekua kanuni zilizotundikwa ukutani, akasoma kwa sauti, nadhani akitegemea zitaniumiza: "Mlinzi hataondoka kituoni wala kuacha makazi yake kabla silaha aliyopewa haijapokelewa rasmi."

Akaisoma tena, safari hii bila sauti.

"Shemeji!" akaita.

Meneja akaja, akasoma, akageuza karatasi kama kwamba nyuma kuna maelezo mengine. Hakukuwa na kitu.

"Kamati inakaa lini?" akauliza.

"Wewe ndiye mwenyekiti, shemeji."

"Najua. Nauliza inakaa lini."

Hakuna aliyejua. Nikauliza kama nisubiri pale stoo au niende getini, maana mchana ndio malori ya mabomba huingia.

"Nenda getini," akasema.

Nikaenda. Kamati bado haijakaa.