Kadi ya Bare

Ofisi ya wilaya ilitangaza kwamba kwa kila kijana ambaye mwenye gereji atamchukua kumfundisha kazi, atasamehewa kodi ya mshahara wa mtu mmoja. Mimi nikaandika vijana wawili.

Gelle alikuwa wa kweli. Alikuwa na miaka kumi na saba, na tayari alijua kushusha giaboksi ya lori bila kuniita. Wa pili, kaka yake Bare, hakuwahi kushika spana kwangu. Alikuja siku moja, akaweka dole gumba kwenye fomu, akapewa kadi yenye muhuri na jina langu: kibarua wa Musembi, fundi wa magari, Garissa. Akaondoka nayo, akarudi kwa ngamia wake. Nikajiona mjanja.

Baada ya miezi minne, lori la askari lilisimama mlangoni saa nne asubuhi. Nyuma kulikuwa na maiti tatu. Sajini Muriuki akanirushia kadi. Ilikuwa imegandwa na damu, na risasi ilikuwa imepita katikati ya muhuri.

"Fundi, huyu ni kijana wako?"

Nikachungulia ndani ya lori. Bare alikuwa amelala chali, jicho moja halipo. Gelle naye akachungulia. Spana ikamponyoka mkononi.

Ukweli ulikuwa mmoja tu: nilidanganya ili nisilipe kodi. Lakini ukweli huo ungenipeleka jela.

"Ni wangu, afande," nikasema. "Juzi aliomba ruhusa."

"Kumbe waasi wa shifta wanalala hapa, wanakula hapa." Muriuki akamgeukia Gelle. "Na wewe ni nani wake?"

"Ndugu yangu."

"Wenzake wamejificha wapi?"

"Wallahi sijui, afande. Mimi naona yeye mwisho miezi mine imebita. Uliza fundi."

Askari wawili wakamburuta hadi kwenye meza yangu ya kazi. Wakaingiza mkono wake wa kulia kwenye vaisi, ile ninayobania vyuma vya kukata. Mmoja akazungusha mpini.

"Fundi!" Gelle akapiga kelele. "Ambia yeye! Bare hakufanya kazi hapa! Wewe najua!"

Niliwaza nyumba niliyokuwa nikijenga Kitui, ilikuwa bado haina mabati. Mpini ukazunguka tena. Nikasikia mfupa, kisha wa pili. Sauti yake ikawa si ya mtu.

"Nilidanganya!" nikapaza sauti. "Bare hajawahi kufanya kazi hapa. Nilimwandika kwa ajili ya kodi. Huyu hajui kitu, mwacheni!"

Muriuki akacheka. "Mkamba wewe! Tunazikana huko porini, na wewe unampa shifta pasi ya kupitia vizuizi vyetu ili uhepe kodi?"

Kitako cha bunduki kikaniingia mdomoni. Nikatema meno. Wakanipiga mateke mpaka mbavu zikavunjika, wakaninyanyua, wakanitupa juu ya maiti. Uso wangu ukaangukia kifua cha Bare.

"Mfungueni kijana!" nikasema, damu ikinijaa kooni.

Hakuna aliyegeuka. Lori likaanza kuondoka. Kupitia mlango wazi wa gereji nikamwona Gelle amepiga magoti kando ya meza, mkono ungali umebanwa. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akiulegeza mpini pole pole, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, kama nilivyomfundisha.