Mkono Uliobaki Begani

Usiku wa jana niliota kopo langu la biskuti linaniita kwa jina langu kamili, nami nikaenda, kwa sababu nilikuwa nimekasirika tayari na nilitaka mtu wa kugombana naye.

Kopo hilo halijaona biskuti miaka mingi. Ndimo ninamotunza mabaki: vipande vya vitenge kutoka kwa fundi, riboni zilizofunga mashada ya maua, shanga zisizotosha hata bangili, na kadi za harusi za watu ambao siku hizi wana wajukuu. Mtaani kwetu hapa Songea, anayetaka kadi ya ubatizo au ya kumpongeza mwalimu huja kwangu. Karatasi mpya sinunui. Nakata ya zamani, nabandika, na mtu anaondoka anatabasamu.

"Skolastika Haule," kopo likasema, "una shauri hapa."

"Na nani?"

"Ingia kwanza. Hatuzungumzii mlangoni."

Nikainama, nikaingiza kichwa, na nikajikuta nimekaa kwenye benchi katika ofisi yenye dirisha moja. Ni saa nne asubuhi. Mabaki yangu yote yamepanga foleni, kila moja na namba yake. Riboni ya dhahabu iliyo kando yangu imenipa mgongo.

"Miaka sita nimo humu," inasema bila kugeuka. "Unanitoa, unaninyoosha, unasema 'hii ni ya kadi ya maana', unanirudisha."

"Kadi ya maana ilikuwa iwe ya Devota. Muulize yeye!"

Niseme wazi mambo ya Devota. Ni mdogo wangu. Mama alipofariki, yeye alikuwa na miaka mitano na mimi kumi na tisa, nikamlea. Jumamosi hii anaolewa. Nilipomwambia nitamtengenezea kadi zote za mwaliko kwa mkono wangu, alinijibu mbele ya mawifi zake: "Dada, usihangaike. Sitaki harusi yangu iwe ya mabaki."

Niliwaongezea mawifi chai. Mimi ni mtu mzima. Lakini Jumanne ikaletwa kadi yake ya kuchapisha, inang'aa kama sahani, imeandikwa jina langu kwa kalamu, na pembeni imegongwa muhuri: SINGO. Yaani aingie mtu mmoja tu. Hata jirani wa mtaa wa tatu kapewa dabo, aje na mumewe, na mimi niliyemfuta makamasi nimepimiwa mlango! Sikutaka kuisoma zaidi. Niliikunja mara nne nikaitia chini ya mguu wa meza yangu, maana inayumba. Kisha nikaifungua albamu niliyokuwa namwandalia kama zawadi, ukurasa wa kipaimara chake, picha tuliyopiga wawili. Nikamkata kwa mkasi wa zigizaga na kumtupa kwenye kopo. Na nikaapa harusini siendi.

"Namba saba," gundi ikaita dirishani, na saba ilikuwa mimi.

Gundi ndiyo karani. Inaongea polepole kwa sababu mdomo wake umeziba, na kila neno inalitoa kwa pini.

"Umeokotwa mkono," ikasema. "Wa kushoto. Mwenyewe hajulikani. Ni wako?"

"Ya kwangu ninayo yote miwili."

"Na huo ulio begani?"

Nikageuza shingo. Juu ya bega langu la kushoto umekaa mkono mdogo wa karatasi, umetulia kabisa. Nikaukumbuka. Kwenye picha Devota alikuwa amenikumbatia kwa nyuma, na nilipomkata, kiganja chake kilibaki begani kwangu. Kukikata kile kungekuwa kujikata mwenyewe. Kifundoni pana saa.

"Hiyo saa ni yangu," nikasema. "Aliazima siku ya kipaimara. Iandikeni."

"Tunaandika mkono tu."

Nikagonga dirisha nimtake mkubwa wao. Dirisha likawa mlango wa ukumbi, na mlangoni amesimama stepla, amevaa suti.

"Kadi."

Kumbe ninayo, na mikunjo yake minne. Stepla anaisoma, ananitazama, anautazama mkono.

"Hii ni singo. Ninyi mko wawili."

"Niko peke yangu!"

"Wewe na mkono wa mtu. Kwa mkono wa mtu unatakiwa uwe na dabo."

"Mwenye mkono ndiye bibi harusi! Si yumo humo ndani?"

"Yumo, amekwama altareni. Padri ameshika pete tangu asubuhi, hakuna kidole cha kuivalisha."

Kwa nini ukumbini kuna altare sikuuliza. Nilikuwa na hasira za kutosha.

"Wamvalishe mkono wa kulia."

"Haiwezekani. Itabidi watu warudi makwao, na yeye pia."

Hapo nikasahau kiapo changu. Mtoto wangu arudishwe nyumbani kwa ajili ya stepla! Nikamwambia mbele ya wageni kwamba mimi namjua, nilimwokota akiwa mtupu, na hadi leo ndani yake hakuna hata pini moja. Stepla akainamisha kichwa. Ni kweli hana. Akasogea pembeni.

Sakafu ya ndani ni karatasi ya kaki, na ninatembea juu ya mistari niliyoichora mwenyewe kwa rula. Naujua huo ukurasa. Mwisho wake amesimama Devota, na shela lake, mwembamba kama picha, kingo zake zimejaa meno ya zigizaga. Ana miaka kumi na miwili.

"Dada, nipe mkono wangu."

"Uombe radhi kwanza."

"Kwa lipi?"

"Kwa kuniita mabaki!"

Akafikiri. "Gauni langu la kipaimara ulilishona kwa mapazia ya zamani ya parokia."

"Kitambaa kile kilishinda cha dukani!"

"Kilikuwa na matundu ya kupitishia fimbo ya pazia. Watoto waliniita Dirisha mpaka namaliza shule."

Sikujua hilo. Liliniuma, na nikakasirika zaidi kwa sababu liliniuma.

"Si ungeniambia?"

"Ulishona wiki nzima, ukajichoma vidole. Ningekuambiaje? Nilitaka tu kitu kimoja ambacho hakijawahi kuwa cha mtu mwingine."

"Sawa. Na singo je? Mimi, singo?"

Akanitazama kana kwamba mtoto ni mimi.

"Mama wa bibi harusi anaingia kwa kadi tangu lini? Kamati waligonga kadi zote mihuri yao, ikabaki moja ya singo. Kadi iliyobaki, dada! Ningempa nani mwingine? Ile ni ya albamu yako. Nimeandika nyuma."

"Hukuandika kitu."

"Kwa penseli."

Mkasi wa zigizaga ukaja mbio. "Nikate? Mimi nafuata mstari tu." Nikautazama mstari. Unapita katikati ya bega langu.

"Hakatwi mtu hapa," nikasema.

"Basi aletwe yeye kwenye mkono," gundi ikasema kutoka mahali fulani. "Na mshikilie mpaka ikauke."

"Itachukua muda gani?"

"Gundi haiulizwi muda."

Devota akajibana nyuma yangu. Nikamshikilia kwa kidole, nikamwambia saa yangu nitaitaka. Akasema imesimama siku nyingi. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Sikunawa uso. Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza, nikaiinua, nikaivuta kadi chini ya mguu wake, nikaikunjua na kuigeuza. Nyuma, kwenye kona, kuna maneno madogo: "Dada, hii ilibaki, iweke kwenye albamu. Kiti cha mama ni chako. Usichelewe."

Kwa penseli! Maneno kama hayo, kwa penseli, nyuma ya kadi, kwa mtu mwenye macho kama yangu! Jumamosi nitamwambia. Nitamwambia nikiwa nimekaa pale pale mbele, na asinikatize.

Nimemtafuta Devota wa picha kwenye kopo, nimemkuta chini kabisa, amelalia riboni ya dhahabu. Nimemrudisha mahali pake kwenye picha, sambamba na mkono wake. Meza inayumba. Gundi haijakauka bado, kwa hiyo nimemshikilia kwa kidole, na nimenuna.