Stuli ya Ghorofa ya Pili

Korona ilimnyang'anya Gunvor mengi, lakini kicheko hakikuwamo. Kilitoka naye chumba cha wagonjwa mahututi kikiwa kizima, na siku ya kupimwa kikamponyoka mbele za watu.

Sababu ilikuwa mumewe, Evert. Wote wawili walilazwa mahututi wiki ileile, wote wakapona, na sasa, baada ya mwaka, hospitali ya mji wao, Gävle, ilikuwa imewaita. Kipimo kilikuwa kutembea dakika sita kwenye korido, kwenda na kurudi. Evert, miaka sabini na miwili, alikunja mikono ya shati akaondoka mbio mbio kama mtu anayeachwa na treni. Akampita mkewe mara mbili. Mara ya tatu akampungia mkono. Gunvor akacheka mpaka pumzi zikamwishia, na dakika ya nne akawa kitini.

Muuguzi Tuva akamuuliza kama amechoka. Si vibaya, Gunvor akajibu, maana ndivyo alivyolelewa: mtu wa kwao akivunjika mguu husema si vibaya, anao mwingine.

Tuva akafungua fomu walizojaza nyumbani. Ilibaki nafasi moja tu katika kundi la mazoezi ya bwawa la maji moto, wiki kumi na mbili, na Gunvor alikuwa akiiota nafasi hiyo tangu majira ya baridi. Alitaka kupanda ngazi za kwake bila kuzihesabu. Lakini fomu yake ilisema amepona kabisa. Ngazi? Bila taabu. Uchovu? Hakuna. Kumbukumbu? Nzuri sana. Tuva alishangaa. Wodini kwao wanaume ndio waliokufa zaidi, alisema, lakini kati ya waliorudi nyumbani, wanawake ndio anaowasikia wakilalamikia uchovu. Huyu mama kapona kuliko wote?

"Nilijaza mimi," Evert alisema kwa fahari. Karatasi zote za nyumbani zilikuwa kazi yake. "Kila Alhamisi ni zamu yetu kwenye chumba cha kufulia cha jengo, kule chini kabisa, na hajakosa hata moja. Mgonjwa hapandishi kapu la nguo ghorofa tatu."

Gunvor akaliona bwawa linamponyoka. Kusema kweli kulimtia hofu, maana ukweli huo ulikuwa na stuli ndani yake.

Evert alikuwa mwenyekiti wa wakaaji wa jengo lao, lisilo na lifti. Nusu mwaka mzima alikuwa akimsaka mtu anayeacha stuli ya bluu kwenye ngazi za ghorofa ya pili, kinyume cha kanuni za moto. Alibandika matangazo ukutani, ya adabu na yenye sumu. Mara mbili aliifungia stoo, mara mbili ikarudi. Mara moja alijibiwa kwa kijikaratasi: "Samahani, bado naihitaji."

"Stuli ni yangu," Gunvor akasema.

"Stuli gani?"

"Hiyo hiyo unayoisaka. Nikifika ghorofa ya pili na kapu, nakaa. Siku nyingine nalala hapo hapo. Wewe unamtafuta mhalifu jengo zima, mwenzio nimo humo humo ndani nakumenyea viazi."

Evert akawa mwekundu mpaka masikioni. "Na ule mwandiko?"

"Mkono wa kushoto."

Tuva akageukia dirisha, mabega yakimtikisika. Gunvor akaangua kicheko, Evert naye akaangua, wakacheka wote watatu. Kisha Evert akaitazama ile fomu, akampa mkewe kalamu.

"Jaza mwenyewe, Gunvor."

Akajaza. Akajaza na nyuma ya karatasi, akaomba nyingine, na kila alichoandika kilimpa raha kama kuvua viatu vinavyobana. Nafasi ya bwawa akaipata.

Alhamisi ya kwanza alirudi kutoka bwawani nywele zikiwa bado mbichi. Kapu la nguo lilikuwa limekwisha pandishwa. Ghorofa ya pili aliikuta stuli imewekewa mto, na ukutani tangazo jipya lenye sahihi ya mwenyekiti:

"Stuli hii isiondolewe. Ni ya mke wangu. Sikujua."

Chini yake, kwa miandiko mitatu tofauti ya majirani, palikuwa pameandikwa: "Sisi tulijua."

Gunvor akacheka mpaka ikambidi akae.