Supu ya Waigizaji

Päivi alimkuta bintiye kwenye ngazi za kituo cha metro, mashariki ya Helsinki, amejikunyata kama kifaranga kilicholowa. Saana alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu Jumapili alikuwa hajalala nyumbani.

"Mbona hukai ndani madukani? Utaganda!"

"Wametufukuza. Kuna watu wanapiga filamu humo." Saana alicheka, meno yakigongana. "Eti ya mateja, mama. Sisi mateja wa kweli tuwapishe."

Simu yake ikatetemeka. Akaificha.

"Nani?"

"Rasmus. Vidonge vyake ninavyo mimi. Nisipoviuza leo..."

Päivi alipiga simu kliniki ya kuachisha dawa za kulevya. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole.

"Foleni ya matibabu bado ndefu. Anapumua vizuri?"

"Anapumua, lakini..."

"Basi mwezi ujao mtupigie tena."

Ng'ambo ya barabara, nyumba ya vijana iliyofungwa tangu kiangazi, eti bajeti haitoshi, leo watu wa filamu walikuwa wameiwasha taa kila dirisha. Uani palipigwa hema, na harufu ya supu ya samaki ikawafikia. Päivi akamshika Saana mkono, wakavuka.

Mlangoni pa hema binti mwenye redio ya mawasiliano aliwaharakisha. "Nyie waigizaji wa kujazia watu? Ingieni, supu inapoa." Akamtazama Saana usoni. "Lo! Wapambaji leo wamejitahidi. Hadi midomo imepasuka!"

Päivi angeweza kusema ukweli. Lakini Saana alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Ndiyo," alisema. "Sisi ni wa kujazia."

Saana alikunywa bakuli la kwanza bila kupumua. Pembeni yake alikaa msichana mwenye vidonda vilivyochorwa kwa rangi mkononi, anakula mkate kwa uangalifu visifutike.

"Mimi ndiye ninayekufa," alisema kwa furaha. "Wewe je?"

Saana alifikiri. "Bado sijaambiwa."

Hapo mlinzi wa madukani akaingia, akasimama mbele yao. "Huyu nilimtoa asubuhi. Haya, dada, twende."

Päivi aliinuka, akachota bakuli la pili, akaliweka mbele ya mwanawe.

"Hajamaliza," alisema.

Mlinzi alitazama huku na huku, kisha akabaki amesimama, mikono nyuma, akisubiri. Na Saana akala polepole, kijiko baada ya kijiko, kama alivyokuwa akila utotoni alipokuwa hataki kwenda kulala.